Viwavi wa Alhamisi

Alhamisi, 28 Novemba

Leo nimehesabu viwavi kwa mara ya kwanza msimu huu, na jioni hii bado naosha mikono ingawa nilivaa glovu. Hata glovu zenyewe nimeziosha. Mama Josée amenitazama kwenye beseni akacheka mpaka akakaa chini. Huyu ndiye dada mkubwa wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na msimu wote nitalala kwake hapa kijijini kando ya ziwa Tshangalele, maana mradi ulionipa kazi haukunipa nyumba. Anasema mtu anayechukia wadudu halafu akakubali kazi ya kuhesabu wadudu ni kama padri anayeogopa kanisa. Nimemjibu kwamba kazi mjini Likasi haziokotwi njiani.

Kazi yenyewe ni hivi. Naingia shambani kwa njia ya mbele, penye kichuguu, natembea kwa kupinda kama herufi W, nasimama mahali patano, na kila mahali nakagua mihindi ishirini, yaani mashina ya mahindi. Mhindi wenye kiwavi au kinyesi kibichi nauhesabu. Ikitimia mihindi mia, asilimia inajileta yenyewe. Shamba lililofika ishirini kwa mia linapata dawa. Lisilofika halipati, kwa sababu dawa ni kidogo. Na dawa inafaa viwavi wakiwa bado wadogo. Wakishanenepa wanaingia ndani ya moyo wa mhindi, pale majani mapya yanapochipuka, wanajizibia na kinyesi chao wenyewe, na hapo hakuna dawa inayowafikia.

Kinyesi chao kinafanana na unga wa mbao uliolowa. Nimefunua moyo wa mhindi mmoja nikakuta viwavi wawili, mkubwa anamla mdogo kuanzia kichwani, taratibu, bila haraka yoyote. Nimetema mate mpaka mate yakaniisha.

Matokeo: Pasta Osée, sita. Mama Josée, kumi na nne. Bertin, jirani ambaye shamba lake linagusana na la Mama, kumi na tano. Bertin ni mtu wa makamo mwenye mguu uliopondwa shimo la madini lilipoporomoka kule Kamatanda. Anaishi peke yake, hasali, na analima magugu yake siku anayojisikia.

Mama Josée pia alitoka Kamatanda. Aliosha mawe ya madini miaka mingi, amesimama kwenye maji machafu mpaka magotini, akarudi na kikohozi na kucha zilizobanduka. Shamba hili likizaa, hatarudi huko tena. Lisipozaa, amesema mwenyewe, yale mawe bado yanalijua jina lake.

Jumapili, 1 Desemba

Pasta ameniomba nisome matokeo baada ya ibada ili watu wajifunze. Nimeona ni wazo zuri. Nimesoma kama mwalimu anavyosoma alama za mtihani, na watu wakamshangilia Pasta kwa sita yake. Nilipofika kwa Mama Josée, kumi na nne, mwanamke mmoja nyuma akafyonza meno kwa dharau. Mama alitazama mbele tu. Namba ya Bertin iliwachekesha ingawa mwenyewe hakuwepo.

Kisha Pasta akasimama akahubiri tena, bila kuombwa. Akasema uchafu ukionekana katika mali yako, ujue umetumwa, na mtumaji yupo. Usiuweke, usiuzoee, urudishe. Retour à l'envoyeur. Kanisa zima likasimama, watu wakaanza kusukuma hewa kwa viganja kuelekea mlangoni, kumrudishia aliyetuma. Na mimi nikasukuma, kwa adabu. Mama Josée alisukuma mpaka jasho likamtoka shingoni.

Wakati wa kula bukari, ule ugali wetu, aliniuliza wadudu wake wanatoka wapi kama si kwa Bertin, mwenye shamba chafu, asiyesali. Nikamweleza kwamba wanaletwa na nondo wanaoruka usiku kutoka mbali. Akasema, "Ah, kipepeo," kwa ile sauti ya kumwitikia mtoto anayedanganya.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua mchana kutwa. Samaki wameanikwa sebuleni juu ya kitanda changu.

Alhamisi, 5 Desemba

Mama aliamka kabla ya mwanga akaenda na ndoo kuteka maji. Alirudi na ndoo tupu, eti kisimani kuna watu wengi.

Shamba lake leo: nne tu. Nilirudia mahali pawili kwa kutoamini, na bado ni nne. La Bertin limepanda mpaka ishirini na saba. Kwenye mistari yake iliyo karibu na shamba la Mama kulikuwa na viwavi wanono juu ya majani, mchana kweupe, watatu wanne kwenye jani moja, wakati kwa kawaida hujificha. Wengine walikuwa wameumana. Sijawahi kuona uzembe wa namna ile, na nilimwambia Bertin hivyo. Aliegemea jembe lake.

Jumapili, 8 Desemba

Wamempigia Mama Josée makofi. Alisimama akainama kidogo kama bibi harusi. Nilijisikia vizuri mno, ukweli usemwe.

Jumanne, 10 Desemba

Dawa imefika. Kijiji hiki kimepata kwa ajili ya watu wachache, na Bertin ni mmoja wao. Aliupokea mkebe, akanitazama, akautazama mkebe, akasema, "Merci, mama monitrice," kana kwamba anamshukuru mwalimu wake. Alikuwa na kicheko pembeni mwa mdomo ambacho sikukipenda. Mtu anapewa dawa kwa ajili ya uvivu wake halafu anacheka.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama, tatu. Bertin, ishirini na nne, na amekwisha kunyunyiza! Watu wanasema kiwavi anampenda bwana wake. Na mimi nimecheka nao.

Alhamisi, 19 Desemba

Mama, mbili. Bertin, ishirini na mbili, kwa hiyo anapata dawa mara ya pili. Ambroise, mkubwa wangu wa kazi, amepiga simu kutoka mjini kunisifu kwamba upande wangu wa ziwa unaendelea vizuri kuliko pande zote. Nilimtajia shamba la Mama Josée kama mfano, sikumwambia ni mama yangu mkubwa.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Bukari, samaki, na sahani kubwa ya bikubala, wale viwavi wakavu wa porini ambao kila mtu hapa anawapenda isipokuwa mimi. Niliisukuma sahani. Mama Josée akasema mbele ya wageni, "Huyu anakatala bikubala, lakini bidudu ya mahindi njo inamulipa." Wamecheka mpaka Pasta akapaliwa.

Alhamisi, 2 Januari

Mama, mbili tena. Nilipotaka kuoga nilichukua ndoo ya Mama, na ndani, chini kabisa, kulikuwa na ute wa kijani na kichwa. Kichwa tu, cheusi, na ile alama nyeupe ya Y iliyopinduliwa inayowatambulisha viwavi wa mahindi. Mama alininyang'anya ndoo akasema aliwaokotea mabata viwavi wachache. Nilitapika nyuma ya nyumba, mabata wakaja kutazama.

Jumanne, 7 Januari



Mchana tumbo lilinikamata nikiwa narudi kutoka upande wa kinamasi. Nyumbani palikuwa mbali. Mbele yangu kulikuwa na nyuma ya shamba la Mama Josée, upande ambao sijawahi kuingilia hata siku moja, nami nikajitupa katikati ya mihindi nikachuchumaa. Sitaeleza zaidi.

Kitu kiliniangukia shingoni. Kilikuwa cha moto na cha unyevu. Nikapapasa nikaona ni kinyesi, na si changu. Nikainua macho. Majani yote juu yangu yalikuwa yametobolewa kama wavu wa wavuvi uliochoka, mwanga unapita popote unapotaka. Kila moyo wa mhindi umezibwa na ule unga wa mbao uliolowa, wa njano, wa kahawia, mwingine umeanza kuoza na kunuka kama mdomo wa mgonjwa. Na kulikuwa na sauti. Nilidhani ni mvua ndogo. Ilikuwa ni kula.

Nilivaa vizuri nikaanza kuhesabu kwa sababu sikujua kufanya jambo jingine. Katika mihindi ishirini ya kwanza, kumi na saba. Katika ishirini ya pili nilikoma njiani. Niliendelea kutembea kuelekea mbele, na karibu na kichuguu mambo yakabadilika ghafla: majani safi, ya kijani, yanang'aa. Nikageuka kulia, uchafu. Nikarudi kushoto, safi. Nikafuata ule usafi na miguu yangu ikawa inaujua. Ilikuwa ni njia yangu. Mstari uliopinda kama W, mpana kama mikono miwili iliyonyooshwa, umefagiliwa katikati ya shamba linalooza. Kwa wiki tano nilikuwa nahesabu sebule ya watu nikidhani nimeona nyumba.

Mama Josée alikuwa anatwanga. Nilimuuliza bila salamu kama anatoa viwavi kabla sijafika. Mchi haukusimama.

"Mugeni akikuya, unafagiaka kwanza," alisema. "Utamupokea na buchafu?"

Nikamwambia mimi si mgeni, mimi napima. Nikamwambia ile namba si alama ya shule, kwamba namba kubwa ndiyo inayoleta dawa. Nilikuwa napiga kelele. Naye akaweka mchi chini polepole, akafuta mikono, akanitazama kama siku ile nilipovunja chungu chake nikiwa mtoto.

"Ulisoma jina yangu mbele ya bantu, Fortunée. Kumi na nne. Minye nilikulea na bile bintu nilikuwa napata mu mawe, na weye unasimama kule mbele, unanisoma. Balifyonza meno. Ulisikia?"

Nilisikia, ndiyo. Nilikuwa nimesikia tangu siku ile.

Nikamuuliza wale wa kwenye ndoo anawapeleka wapi. Hapo uso wake ukafunguka. Hakuona aibu hata kidogo.

"Minarudisha kwa mwenye kutuma. Sikuua ata moja."

Kila Alhamisi alfajiri, nikiwa nimelala naota mambo yangu, alikuwa anachuma viwavi kwenye njia yangu kwa vidole vitupu, anajaza ndoo, anavuka mpaka na kuwamwaga juu ya mihindi ya Bertin huku akisali. Ndani ya ndoo walikuwa wanalana. Waliobaki hai, wale wakali zaidi, ndio niliowahesabu kwa Bertin, ndio waliompa Bertin dawa mara mbili. Dawa ambayo ilikuwa haki ya shamba hili.

Nimechukizwa na Pasta na viganja vyake. Nimechukizwa na makofi. Nimechukizwa na huyu mwanamke ninayempenda kuliko watu wote, na zaidi nimechukizwa na sauti yangu mwenyewe pale mbele ya kanisa, safi, ya kisomi, inatamka majina ya watu.

Jumatano, 8 Januari

Nimempigia Ambroise. Nilimwambia shamba moja linahitaji dawa haraka, linafika themanini kwa mia. Akauliza lipi. Nikamwambia. Nikamsikia anapekua karatasi zake.

"Chiffre yako mwenyewe inasema mbili," alisema. "Tangu lini mbili inakuwa makumi munane mu siku sita?"

Nilisema nilihesabu vibaya. Akasema kama nilihesabu vibaya hapa, basi nilihesabu vibaya kila mahali, na yeye amekwisha kupeleka taarifa juu, na dawa imekwisha. Alinishauri nipumzike. Nilitaka kuitupa simu ziwani, lakini ziwa lile nalo linanuka.

Alhamisi, 9 Januari

Nilikwenda kwa Bertin kumuuliza kama amebakiza dawa. Aliingia ndani akatoka na mkebe, akanipa bila kuuliza hata neno moja. Nilimshukuru karibu nilie. Mtu niliyemwita mzembe mbele ya mihindi yake!

Iliyobaki ilitosha robo ya shamba. Niliinyunyiza mwenyewe, pampu mgongoni, kitambaa puani. Wadogo walikufa. Wakubwa walikaa chini ya vizibo vyao na nadhani hawakujua hata kama nimepita.

Jumatatu, 13 Januari

Tangu Ijumaa, Mama na mimi tunachuma kwa mkono, shamba zima, kuanzia kinamasi. Tunatia mchanga kidogo katika kila moyo, uwakwaruze waliojificha. Tunawaponda sasa. Yeye kwa mikono mitupu, mimi na glovu. Wakipondwa wanatoa sauti ndogo, na maji ya kijani yanaruka mpaka kwenye midomo. Mama hafuti. Anakohoa anaendelea.

Alhamisi, 23 Januari

Maua ya juu yametoka, na ndani ya maua mna viwavi.

Jumapili, 26 Januari

Pasta aliniita nisome. Nilisema sisomi tena, mwenye kutaka kujua hali ya shamba lake anifuate nyumbani. Akasema kwa upole kwamba natumiwa na roho ya kiburi. Mama Josée hakuwa amekaa mbele. Alikaa karibu na mlango, kule ambako wote walikuwa wamesukuma.

Jumatano, 12 Februari

Mvua. Mvua. Mvua. Mahindi ya Bertin yanapita urefu wake.

Alhamisi, 27 Machi

Tumevuna, kama neno ni hilo. Unafungua ganda unakuta gunzi lenye meno machache kama kizee, na kati ya meno ukungu mweusi, na pale kiwavi alipopita pameachwa mtaro wenye ute. Mengine yalikuwa laini, kidole kinazama. Mama alikuwa anafungua, anatazama, anatupa upande wa mabata. Mabata walinusa wakaenda zao. Mwisho wa siku gunia moja halikujaa. Ng'ambo ya mpaka, Bertin alikuwa anaegemeza magunia yake ukutani moja baada ya jingine, na kila gunia lilipogusa ukuta nilisikia.

Mama aliketi juu ya kile kigunia chetu akaanza kukata kucha zake kwa kisu. Amezikata fupi kabisa, mpaka kwenye nyama. Najua maana yake. Hivyo ndivyo wanawake wa Kamatanda wanavyozikata, ili zisibanduke majini.

Alhamisi, 3 Aprili

Bertin amekuja asubuhi anasukuma baiskeli yenye magunia matatu. Aliyashusha mlangoni moja moja, kwa shida, na mguu ule. Mama alitoka akasimama kizingitini. Mimi nilikuwa ndani na nilisikia kila kitu.

"Nilikuona, Mama Josée," alisema. "Kila Alhamisi, na ndoo. Nilinyamaza juu ya dawa: kama ungeacha, haingekuya kwangu."

Mama aliyatazama magunia. Kisha akasema, "Ulikuwa unaona shamba yangu inakufa."

"Na weye ulikuwa unaniletea kifo mu ndoo."

Hakuna aliyepandisha sauti. Walisema kama watu wanaopeana habari za mvua. Bertin akajikung'uta vumbi mikononi.

"Pasta alisema birudi kwa mwenye kutuma. Basi, birudi."

Akageuza baiskeli yake akaenda. Nami pale ndani nikakumbuka kicheko chake siku ya mkebe, na jinsi alivyonipa ile dawa iliyobaki bila kuuliza, na jinsi nilivyokaribia kulia kwa shukrani! Alijua. Aliegemea jembe lake msimu mzima akitazama tukioza, akala dawa yetu, na sasa ameleta magunia matatu ili alale usingizi. Nilitoka nikamwambia Mama tuyarudishe hayo magunia yote kwake sasa hivi, tusiguse kitu cha mtu mchafu kama yule.

Mama Josée alikuwa ameinama, ameshika gunia la kwanza kwa masikio.

"Ni muntu muchafu," alikubali. "Shika upande ule."

Tuliyaingiza yote matatu.

Ijumaa, 4 Aprili

Jioni tulisaga kidogo tukapika. Nilipepeta unga mara nyingi nikitafuta kitu cha kunitapisha, sikukiona. Bukari ilikuwa nyeupe na tamu, na nilikula mpaka nikaongeza.

Jumapili, 6 Aprili

Magunia ya Bertin na kigunia chetu vitatufikisha Agosti, labda, kama wajukuu wa Mama hawatakuja wote. Si mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo kesho Mama Josée anaondoka na gari la samaki kwenda Kamatanda, kiangazi hiki tu, anasema. Nimemwambia nitatafuta kazi nyingine mjini, asiende. Amesema kazi Likasi haziokotwi njiani.

Hakwenda kanisani. Alikuwa anafunga mzigo wake: pagne mbili za kujifunga, sufuria, ile ndoo. Nilikaa kitandani chini ya samaki nikimtazama. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Mwisho akaja akasimama mbele yangu, akinyoosha mkono wake, ule wenye kucha zilizokatwa mpaka kwenye nyama, bado una madoa ya kijani ambayo sabuni imeshindwa kuyatoa.

"Nipatie zile gants zako," alisema. "Kule maji ni baya."

Nilizitoa glovu chini ya mto. Niliziosha kwanza, kwa sabuni, ndani na nje, halafu nikampa.